Fomu ya Mgeni

Katika chumba cha kukunjia nguo cha hospitali kulikuwa na meza moja isiyoguswa ovyo. Meza nyingine zilikuwa za shuka, foronya na blanketi, na huko hata aliyeajiriwa jana alikunja leo. Meza ya dirishani ilikuwa ya nguo za chumba cha upasuaji, nayo ilikuwa na nafasi mbili tu. Ya kwanza aliishika Mama Shuka, mwaka wa ishirini na sita sasa. Ya pili aliishika Mgeni, mwaka wa saba.

Jina hilo Mgeni alilipata siku aliyoingia. Alisimama mlangoni ameukumbatia mkoba wake kama mtu anayesubiri kufukuzwa, na mwanamke mmoja wa kwenye mashine za kufulia akasema, "Jamani, mpisheni mgeni akae." Likamganda. Tangu hapo alikuwa amejifungua mtoto wa pili katika hospitali hiyo hiyo, amekesha kwenye misiba ya wenzake, amejua ni mashine ipi hupigwa teke ndipo izunguke, na bado ni Mgeni.

"Siku nikifa," alisema mara moja, "mtaambiana twendeni msibani kwa Mgeni."

Chumba kizima kilicheka, kisha kila mtu akarudi kwenye mkunjo wake.

Mama Shuka alimpenda kwa mambo madogo. Mwaka ule magoti yalipoanza kumsumbua, alifika asubuhi moja akakuta vitambaa vya kufungia, vilivyokuwa rafu ya chini siku zote, vimehamia rafu ya kiunoni. Mgeni alikuwa anapanga glavu kama hajui lolote.

Redio ya chumba hicho ilikaa juu ya kabati, na kwa mwaka mzima ilikuwa na habari moja tu: wageni. Asubuhi mtu alipiga simu akasema wageni wanatunyang'anya kazi. Mchana mwingine akapiga akasema kazi zenyewe si mlizikataa. Jioni wakaitwa wasomi wawili, wakagombana kwa adabu. Mama Shuka aliyasikia yote mpaka yakawa kama kunawa kwa maji yaliyokwisha kutumika. Hakuwa na upande, alikuwa amechoka. Aliona kodi za vyumba mtaani kwake zilivyopanda. Aliona binti yake mwenyewe, miaka minne nyumbani na cheti cha uhazili. Aliona pia mikono ya Mgeni, iliyochubuliwa na dawa za kufulia kama yake. Akilala, alilala na yote hayo.

Maneno ya redioni yalipokuwa makali, mkunja blanketi mmoja alikuwa na tabia ya kuanza kuimba kwa nguvu, ili yasimfikie Mgeni. Sauti yake ilikuwa mbaya kweli.

"Dada yangu," Mgeni alimwambia siku moja, "nakushukuru, lakini bora nitukanwe."

Basi, Jumatatu moja karani wa utumishi alishuka mwenyewe ngazi zote badala ya kumwita Mama Shuka juu, kwa kuwa alijua habari za magoti. Ndiyo maana hata alipotoa karatasi ile, Mama Shuka alishindwa kumchukia.

"Mama, ni ile sheria mpya," alisema karani, akishusha sauti. "Kila mgeni mwenye ajira, msimamizi wake athibitishe, na msimamizi hapa ni wewe. Soma hapa."

Mama Shuka aliisogeza karatasi dirishani. Siku hizi maandishi yalimjia kama yamemwagiwa maziwa. Mwishowe karani akamsomea: *Nathibitisha kwamba hakuna raia anayeweza kushika nafasi hii.* Chini yake pa kutia sahihi. Chini zaidi: *Kama yupo, andika jina lake.*

"Nikitia sahihi?"

"Anabaki. Kibali kinaongezwa."

"Nisipotia?"

Karani alimtazama Mgeni aliyekuwa upande wa pili wa meza, anakunja, anasikia kila neno. "Siku thelathini awe ameondoka nchini. Yeye na watoto." Kisha akaongeza, kana kwamba anaomba msamaha, "Una wiki mbili, mama. Ijumaa ya pili nitaihitaji."

Alipoondoka, Mgeni aliendelea kukunja gauni mpaka likaisha. Akalifunga. Akaweka kikaratasi chake.

"Mwanangu wa kwanza ana mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwaka huu," alisema. Kisha akavuta gauni jingine.

Nyumbani siku hiyo kaka yake alikuja kula, kama kawaida yake. Alikuwa fundi makufuli, mtu wa maneno mengi na moyo usio na hila. Habari ya fomu ilipomfikia alisukuma sahani.

"Dada, hilo nalo la kuuliza? Mwanao huyu hapa."

Mwanao ndiye Kitinda, yule binti wa cheti cha uhazili, kitindamimba wa Mama Shuka, miaka ishirini na tisa. Alikuwa ameinamia sahani yake.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," aliendelea fundi. "Sisi jembe tulimpa. Sasa kabaki na shamba."

"Shamba lipi, kaka? Magauni ya kupasulia watu?"

"Hata hayo."

"Wewe si ndiye uliyesema mjadala huu umekuletea heri? Kila mtu anabadilisha kufuli."

"Nimesema na sikatai. Mtu hana hata redio ya kuibiwa, anataka kufuli mbili. Lakini biashara ni biashara na damu ni damu." Akamgeukia Kitinda. "Mpwa wangu, sema na wewe. Unaitaka au huitaki?"

Kitinda alikusanya makombo sahanini. Kisha akasema polepole, bila kuinua uso, "Kazi mbaya si mchezo mwema, mjomba. Mimi nimechoka kumwomba mama yangu sabuni."

Neno hilo la sabuni lilimchoma Mama Shuka kuliko hotuba yote ya kaka yake. Hakuwahi kumnyima. Lakini alijua tofauti ya kupewa na kununua.

Alifikiri mpaka chai ikapoa. Kutia sahihi kwamba hakuna raia anayeweza, na mwanawe hajajaribiwa, ulikuwa uongo. Kuandika jina la mwanawe, na hajawahi hata kuigusa meza ile, ulikuwa uongo mwingine.

"Utakuja kesho," alimwambia Kitinda. "Nitamwomba karani akuruhusu ujaribiwe hizi wiki mbili. Ukiweza, nitaandika jina lako. Ukishindwa, nitatia sahihi. Simdanganyii mtu."

Moyoni alikuwa na tumaini la aibu: kwamba mmoja wao angemrahisishia. Kitinda angekuwa mvivu, au Mgeni angeficha ujuzi wake. Hapo hasira ingemsaidia kuamua.

Hakuna aliyemrahisishia.

Gauni la daktari halikunjwi kama nguo ya sandukuni. Hugeuzwa, upande wa ndani ukawa nje, mikono ikafichwa, likakunjwa kwenda na kurudi mpaka likabaki kama kitabu, shingo ikiwa juu kabisa. Daktari aliyekwisha kunawa hushika shingo, likaanguka lenyewe, na mkono wake usiguse ila upande wa mwili wake. Likikunjwa na upande wa nje ukabaki nje, basi amegusa kile kitakachomkaribia mgonjwa aliyefunguliwa tumbo. Kisha furushi hufungwa kwa vitambaa viwili, kona ya mwisho ikaachwa imechomoza kama sikio, na chini ya utepe kikawekwa kikaratasi chenye alama ya mkunjaji. Alama ya Mama Shuka ilikuwa mstari mmoja. Ya Mgeni miwili. Kitinda akapewa mitatu.

Aliyemfundisha ni Mgeni, kwa kuwa macho ya Mama Shuka hayakuwa tena ya kuonyesha mtu mshono. Siku ya kwanza Kitinda alikunja gauni vizuri mno, pindo zote nje, likang'aa kama nguo ya harusi.

"Zuri," alisema Mgeni. "Lakini daktari haji kuchumbia. Fungua."

Alifungua. Akakunja tena. Mgeni akafungua. Mara kumi na moja siku ile. Hakuguna wala hakucheka, ila mara moja tu, Kitinda alipojikuta ameingiza mkono wake mwenyewe ndani ya furushi na kufungia humo.

Siku ya nne, wakidhani Mama Shuka hasikii kwa sababu ya kelele za mashine, Kitinda alimuuliza, "Wewe huna akili? Nikijua hii kazi, wewe unaondoka. Mbona unanifundisha hivi?"

"Nikufundisheje?"

"Si ungeniacha nikosee."

"Halafu apasuliwe nani na gauni lako?" Mgeni alinyoosha kitambaa. "Pengine mtoto wangu. Pengine wa kwako huko mbele. Shika kona hiyo, acha maneno."

Kitinda aliishika kona. Kesho yake alikuja na vikombe viwili vya chai kutoka kantini, akaweka kimoja upande wa Mgeni bila kumwangalia. Mgeni alikinywa bila kumwangalia pia. Mama Shuka aliyaona hayo, licha ya ukungu wa macho.

Siku ya tisa Kitinda alikunja magauni thelathini, na hapakuwa na la kurudiwa hata moja. Mama Shuka aliyafungua yote mwenyewe, akitafuta kosa, na asijue analitafuta kwa ajili ya nani. Hapakuwa na kosa. Mwanawe anaweza. Hapo ndipo uchovu ulipomshika hasa, ule wa kwenye mifupa, usioisha kwa usingizi. Jioni hiyo alishindwa kuvua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka Kitinda akaja akamvua.

"Mama, utaandika jina langu?"

"Nilisema nitaandika."

"Mbona huna furaha?"

"Wewe unayo?"

Kitinda aliviweka viatu pamoja, kisigino kwa kisigino. "Sijui," alisema. "Nilidhani nitakuwa nayo."

Alhamisi, siku moja kabla ya fomu, kazi ilikuwa nyingi. Watatu hao walikunja tangu saa moja asubuhi. Mama Shuka alikunja kwa mazoea ya mikono, kichwa kikiwa kwenye karatasi ya karani. Saa saba mchana mlango ulisukumwa. Alikuwa sista mkuu wa chumba cha upasuaji, mwanamke mrefu asiyejua kupaza sauti, na mkononi ameshika furushi lililofunguliwa.

"Mgonjwa yuko mezani, ameshalazwa usingizi," alisema, "na daktari anashika gauni, anakuta limekunjwa nje. Tumemweka anasubiri mpaka tumepata jingine. Ni bahati tumeliona." Akaweka furushi mezani, na kikaratasi juu yake. "Mstari mmoja. Ni nani huyu?"

Mama Shuka alilitazama gauni. Hata kwa macho yake aliona: upande wa nje, nje. Kosa la mtu wa siku ya kwanza.

"Ni mimi, sista," alisema Mgeni. "Nimechukua kikaratasi cha Mama kwa haraka. Nisamehe."

Maneno hayo hayajatulia, Kitinda naye akasema, "Hapana, ni mimi. Mimi ndiye ninayejifunza. Nimekosea."

Wakatazamana, wote wawili wakiwa wamekasirika, kama watu waliogombea kubeba mzigo mmoja.

Kila mmoja alijua anatupa nini. Mgeni alikuwa anakiri kosa siku moja kabla ya hukumu yake. Kitinda alikuwa anavunja kwa mkono wake mwenyewe kile alichokijenga siku kumi. Sista aliwatazama, kisha akamtazama Mama Shuka, waliyefahamiana naye tangu wote wawili hawana mvi.

"Kosa moja, wenyewe wawili," alisema taratibu. "Haya. Lisirudiwe." Akatoka, na mlango aliufunga polepole.

Mama Shuka hakusema kitu. Hilo ndilo lililomuumiza baadaye kuliko kosa lenyewe: kwamba alikaa kimya. Alilichukua gauni, akalitupa kwenye kapu la kufuliwa, akaendelea kukunja, na sasa kila furushi alilipapasa mara tatu. Mkunja blanketi alianza kuimba, na redio haikuwa hata imewashwa.

Asubuhi yake alipanda ngazi mwenyewe. Alipumzika mara mbili. Karani alimwona mlangoni, akainuka akamletea kiti.

"Mama, ningeshuka."

"Najua ungeshuka. Nimetaka kupanda." Aliiweka fomu juu ya meza, haijaandikwa neno. "Kwanza niandikie barua kwa sista mkuu. Gauni la jana lilikuwa langu. Wale watoto wamenisitiri, na mimi nikakubali kusitiriwa. Sioni, mwanangu. Mwaka wa pili huu sioni vizuri, na nimeficha."

Karani aliweka kalamu chini. "Umebakiza miaka miwili tu ustaafu. Ukienda sasa utapungukiwa na kiinua mgongo."

"Angepungukiwa yule aliyelala mezani." Alivuta pumzi. "Meza ile ina nafasi mbili. Mimi nikitoka, ya kwangu inabaki wazi, sivyo? Na raia anayeiweza yuko mmoja, umemruhusu mwenyewe, amejaribiwa siku kumi. Mwandike huyo nafasi yangu. Ukimaliza, niulize hilo swali la fomu tena, kuhusu nafasi ya pili."

Karani aliandika jina la Kitinda kwenye nafasi ile ya kwanza. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema aliyepewa kazi ya kuchosha, aliuliza kwa sauti ya ofisini, "Mama, yuko raia mwingine anayeweza kushika nafasi hii?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Tulioiweza meza ile tulikuwa watatu. Wa tatu ni mimi, nami natoka."

Karani alimshikia karatasi, akamwekea kidole kwenye mstari ili asikosee. Mama Shuka akatia sahihi.

"Ni ya mwaka mmoja tu," karani alisema. "Mwakani watauliza tena. Na wakiongeza sheria nyingine, sijui."

"Mwaka," alisema Mama Shuka. "Mtihani wa mtoto utakuwa umepita."

Habari haikupokewa kwa vigelegele. Fundi makufuli alisema dada yake amerogwa, akaja kula vilevile. Kitinda alilia kwa hasira jikoni. "Nilitaka kazi, mama, sikutaka ya kwako!" Alimnunia siku tatu, na katika siku hizo tatu alimchemshia maji ya kuoga kila asubuhi kabla ya kutoka kwenda kazini. Mgeni, alipoambiwa, alikaa chini juu ya gunia la shuka chafu, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikataza kila siku, na hakuinuka kwa muda. Kisha akauliza, "Macho yanatazamwa siku gani?"

Yalitazamwa Jumatano. Ilikuwa zamu ya Mgeni kupumzika, akaja. Foleni ya macho ilianzia dirisha la kadi ikazunguka ukuta mpaka uani, na benchi lilikuwa moja. Mgeni alimkalisha Mama Shuka mwisho wa benchi, yeye akaenda kusimama kwenye mstari badala yake. Saa ya kwanza ikapita. Ya pili ikaanza. Foleni ilisogea kama mtu anayevuta mguu mbovu.

Mwanamke aliyekaa kando ya Mama Shuka, ameweka kikapu kikubwa kati yao, alisonya. Naye alikuwa amechoka, uso umemvimba, na jicho moja limefungwa kwa pamba.

"Zamani hapa ulikuwa ukifika saa mbili, saa tatu uko nyumbani," alisema. "Wageni wametujazia foleni. Unawasikia tu wakiongea. Kama yule pale, yule aliyesimama. Si kweli, mama?"

Mama Shuka aligeuza kichwa. Kwa umbali ule Mgeni alikuwa kivuli kirefu chenye kitambaa cha buluu, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Angeweza kusema mengi. Alikuwa ameyasikia yote, ya huku na ya kule, na hakuna hata moja alilokuwa na nguvu ya kulirudia.

"Yule hakuja kutibiwa," alisema. "Ile anayoishikilia ni nafasi yangu. Mimi magoti hayaniruhusu."

Mwanamke yule alimtazama Mgeni, kisha magoti ya Mama Shuka. Hakuomba radhi, na Mama Shuka hakuwa anaingoja. Lakini baada ya muda aliinama, akakishusha kikapu chini kati ya miguu yake, akasogea mpaka bega lake likagusa ukuta.

"Mwite basi," alisema kwa kuguna, akipapasa ile nafasi iliyobaki benchini. "Mwambie hiyo foleni haiendi popote. Aje akae kidogo, mimi nitaiangalia kwa hili jicho moja."